Turbaini ya umeme na moshi wake: maji, chemba kavu, SCR au kubana masaa? Ulinganisho wa gharama

Kama unafuatilia mambo ya umeme hapa Mwanza utakuwa umeshasikia pande mbili. Kuna wanaosema ukianza kubana moshi wa mitambo ya umeme bei itapanda mpaka mwenye friji la sangara pale Kirumba afunge biashara, na kuna wanaosema ah, funga tu hicho kifaa cha kusafisha, ni hela ndogo. Wote wanaongea kama vile kuna bei moja ya kusafisha moshi, wakati bei ziko nyingi na zinapishana mno, njia ileile inaweza kuongeza shilingi 6 kwenye uniti kwa mtambo mmoja na shilingi 100 kwa mtambo wa jirani yake. Kwahiyo nimeweka njia nne pembeni kwa pembeni (kupulizia maji, chemba kavu ya kuchomea, SCR yaani kifaa cha kusafisha moshi kwa amonia, na kubana masaa ya kuwasha), uangalie mwenyewe ipi inakaa kwenye hali yako.

Najua mtu atauliza, Mwanza turbaini ya gesi (mashine inayochoma gesi au mafuta, hewa ya moto ikazungusha blade zake) iko wapi? Haipo. Gesi ya Songo Songo imeanza kuchomwa Ubungo 2004, bomba la Mtwara hadi Dar limekuja 2015 na vituo vya umeme vya Kinyerezi vikapata gesi yake, huku kwetu bomba halijafika. Tulichonacho ni kile kituo cha Nyakato kinachokula mafuta mazito, na zile ni injini za pistoni, siyo turbaini, kwahiyo ukisoma humu usichanganye. Ila gridi ni moja na bei ya uniti ni moja nchi nzima, ukinunua luku Igoma unachangia gharama za Kinyerezi sawasawa na mtu wa Tegeta. Halafu ng'ambo ya ziwa wenzetu Wakenya walihamisha turbaini za MW 60 kutoka Embakasi wakazipeleka Muhoroni, karibu na Kisumu, mwaka 2016, zinachoma mafuta ya taa na dizeli maana gesi huko hakuna. Kwahiyo siyo kitu cha mbali kivile, na wenye migodi na viwanda ukanda huu wanaletewa ofa za turbaini za mtumba kila leo.

Moshi wenyewe ni upi

Turbaini ya gesi ukiiangalia bombani huoni kitu, hewa inacheza tu kwa joto, ndo maana watu wanasema gesi ni safi. Kwa masizi na salfa ni kweli. Shida ni oksidi za naitrojeni, NOx. Hizo hazitoki sana kwenye gesi, zinatoka kwenye hewa yenyewe: moto ukipita kama nyuzi 1,500 naitrojeni ya hewani inaungana na oksijeni. Kwahiyo hata uchome gesi safi namna gani, moto ukiwa mkali utapata NOx. Na moto mkali ndo unaotoa umeme mwingi kwa gesi kidogo, hapo ndo ugomvi wote ulipo. NOx ikishatoka inapigwa na jua, inachanganyika na mivuke mingine inakuwa ozoni ya chini, nyingine inageuka vumbi laini sana, na wenye pumu ndo wa kwanza kujua.

Vitu vya kuangalia

Nitapitisha kila njia kwenye maswali yaleyale: inashusha NOx mpaka ngapi, hela ya kuanzia, hela ya kila siku (gesi, maji, kemikali, mafundi), inaleta tabu gani nyingine, na inamfaa nani. Ila kuna swali moja nataka ulibebe kuanzia hapa mpaka mwisho, turbaini inawaka masaa mangapi kwa mwaka. Watu wanalisahau wanakimbilia bei ya kifaa.

Vipimo vinatajwa kwa ppm, yaani sehemu kwa milioni, na vinarekebishwa kwa oksijeni ya 15% ili mtu asidanganye kwa kuchanganya moshi na hewa safi kabla ya kupima. Muongozo wa Benki ya Dunia na IFC (tawi lake la kukopesha makampuni) wa 2008 unataka ppm 25 kwa turbaini kubwa ya gesi na ppm 74 ikichoma mafuta mengine. Marekani kanuni yao ya 2006 iliwapa turbaini mpya za gesi 42, 25 au 15 kulingana na ukubwa, na California mitambo mipya mikubwa iko kwenye 2 mpaka 2.5. Sisi tuna Sheria ya Mazingira ya 2004 na kanuni za viwango vya hewa za 2007, NEMC, baraza la mazingira, ndo wasimamizi, ila mradi ukiwa na mkopo wa nje ujue yule mkopeshaji atakuja na ile 25 yake mkononi.

Sasa mfano wa kuhesabia. Chukua turbaini ya MW 50, ya gesi, peke yake bila boila nyuma (la kutumia joto la moshi wake kupata umeme zaidi), inageuza kama 37% ya joto kuwa umeme. Bila kufungwa chochote tuseme inatoa ppm 200. Ukipiga hesabu hiyo ni kama kilo 150 za NOx kila saa. Ikishuka mpaka 25 zinabaki kama kilo 20. Ikishuka mpaka 2.5 zinabaki kilo 2. Angalia vizuri hapo: hatua ya kwanza imeondoa kilo 130, ya pili kilo 18 tu, na ile ya pili ndo inayohitaji mtambo wa gharama kubwa zaidi. Bei ya kilo moja inapanda kadri unavyosogea kwenye usafi kamili.

Njia ya 1: kupulizia maji au mvuke

Hii ni ya zamani na inaeleweka. Unapuliza maji kwenye chemba ya kuchomea, moto unapoa kidogo, NOx inashuka. Kwa gesi unafika ppm 25, kwa dizeli unaweza kukaa kwenye 42 hivi.

Hela ya kuanzia ni ndogo ukilinganisha na nyingine: pampu, mabomba, nozeli, na mtambo wa kusafisha maji. Huo wa mwisho usiudharau. Maji ya turbaini siyo ya bomba na siyo ya ziwani, ni maji yaliyotolewa madini yote, chumvi kidogo tu ikiingia unakula blade. Unaweza kukaa Capripoint unaangalia ziwa hadi macho yachoke na bado ukawa huna maji ya turbaini, maana ya ziwa yana mwani, yana matope, kuna msimu magugu maji yanasukumwa na upepo mpaka kwenye mdomo wa bomba la kuvutia, na yote hayo unayasafisha kwa hela.

Kiasi sasa. Turbaini yetu ya mfano inakula kama tani 10 za gesi kwa saa, na maji yanakaribia uzito huohuo, tuseme tani 8 mpaka 10. Kwa siku nzima ni kama maboza 20 ya lita elfu kumi. Kila siku. Ukiishi Mabatini kule juu ambako maji ya bomba yanakuja kwa ratiba unaelewa kwanini hiki kipengele siyo cha kiufundi tu, ni cha siasa pia, diwani ataulizwa.

Halafu gesi. Maji yanakula joto, ulaji unapanda kama asilimia 2 mpaka 4. Tuchukue 3, na gesi tuseme dola 5 kwa MMBtu, kipimo cha joto la gesi (namba ya mfano hiyo, weka yako), inakuja kama dola 70 kwa saa, ukigawa kwa uniti 50,000 za saa hiyo na dola ukiichukua kwa 2,500 unapata shilingi tatu na nusu kwa uniti. Siyo kitu cha kumfilisi mtu, bei ya T1, ya mteja wa kawaida, ni 292 kabla ya kodi. Ila inalipwa kila saa, haiishi.

Ina zuri lake ambalo wauza SCR hawalisemi. Maji yanaongeza uzito wa hewa inayopita kwenye blade kwahiyo umeme unapanda, asilimia kadhaa. Kwa huku hiyo ni muhimu kuliko Dar, maana Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, turbaini iliyoandikwa MW 50 kwenye karatasi ukiileta Mwanza inakupa 43 au 44. Huyo muuzaji akikuletea bei kwa MW ya usawa wa bahari mwambie arudi mezani. Maji yanakurudishia sehemu ya kile ulichopoteza.

Tabu nyingine: kaboni monoksidi inapanda ukizidisha maji, na chemba inachoka mapema, matengenezo yanakaribiana.

Inamfaa mwenye mashine ya zamani, mwenye kuchoma dizeli, na mwenye maji ya uhakika. Muhoroni wa dunia hii, kwa ufupi.

Njia ya 2: chemba kavu

Hapa hakuna maji. Gesi inachanganywa na hewa nyingi kabla haijawaka, moto unakuwa mwembamba na haufiki joto la kutengeneza NOx nyingi. Mashine za kawaida zinafika 25, nzuri 15, na baadhi ya kubwa zinafika 9.

Kama unanunua mpya, gharama yake karibu huioni, turbaini nyingi za gesi za siku hizi zinakuja nayo. Ukitaka kuibadilisha mashine ya zamani iwe na chemba kavu hapo ndo kasheshe, unabadili chemba, mabomba ya gesi, valvu, na kompyuta ya kuongozea, na mara nyingi ni yule aliyetengeneza mashine peke yake anayeuza, kwahiyo bei ni ya kwake na muda ni wa kwake. Ni mamilioni ya dola na mashine inakaa chini wakati wa kufunga. Muda wa kukaa chini uhesabu kama gharama, maana ule umeme utaununua kwingine au utakosa kabisa.

Gharama ya kila siku ni ndogo kuliko zote, haili maji, haili kemikali, gesi haiongezeki cha maana. Ndo maana kiukweli hii njia imependwa sana duniani, ni moja ya sehemu chache ambapo kanuni ya hewa ilisukuma watengenezaji mpaka usafi ukawa umo ndani ya bei ya mashine yenyewe na mnunuzi hata hajui alilipia.

Ila inadeka. Kwanza lodi, yaani mzigo wa umeme inaobeba. Ukiwa juu ya nusu ya uwezo wake inafanya vizuri, ukishuka chini ya hapo moto unakuwa mwembamba mno unataka kuzimika, inabidi irudi kwenye uchomaji wa kawaida, NOx na kaboni monoksidi vinaruka juu. Sasa fikiria gridi yetu ya sasa hivi. Bwawa la Nyerere lina mashine 9 za MW 235, jumla 2,115, maji yakiwa mengi mitambo ya gesi inashushwa lodi au inazimwa, jioni inaitwa tena. Turbaini inayopandishwa na kushushwa hivyo haikai kwenye ile namba nzuri iliyoandikwa kwenye brosha. Pili, chemba inaweza kuanza kunguruma na kutetemeka ubora wa gesi ukibadilika au hali ya hewa ikibadilika, inatakiwa fundi wa kuitune. Tatu, ukichoma dizeli ule ukavu unaisha, unarudi kwenye maji vilevile.

Inamfaa anayenunua mpya, mwenye gesi ya bomba isiyobadilikabadilika, na anayewasha kwa lodi kubwa masaa mengi. Kwa mtu wa huku ambako gesi ingekuja kwa lori au isije kabisa, ifikirie mara mbili.

Njia ya 3: SCR

Hii haigusi moto, inasafisha moshi ukishatoka. Unapuliza amonia kwenye moshi, unaupitisha kwenye matofali yenye kichocheo, NOx inageuka naitrojeni ya kawaida na maji. Inaondoa asilimia 80 hadi 90 na zaidi, ukiiweka nyuma ya chemba kavu ndo unapata ile 2 mpaka 2.5.

Hela ya kuanzia ni kubwa, hilo hakuna anayebisha. Kinachobishaniwa ni kama ni kubwa *mno*, na jibu liko kwenye masaa. Tuseme (naweka namba nzima ili hesabu iwe rahisi, siyo bei ya mtu) SCR ya turbaini yetu inakugharimu dola milioni 1 kwa mwaka ukijumlisha mkopo, kichocheo, amonia na mafundi. Inashusha kutoka 25 mpaka 2.5, kilo 18 kwa saa.

Mtambo wa msingi unaowaka masaa 8,000 kwa mwaka: umeondoa kama tani 144, kila tani imekugharimu dola 7,000 hivi. Kwenye uniti, ni uniti milioni 400, kila moja imeongezeka shilingi 6 na kitu.

Mtambo wa jioni, unaowaka masaa 500 kwa mwaka: umeondoa tani 9, kila tani zaidi ya dola 110,000. Uniti zake ni milioni 25 tu, kila moja imebeba shilingi 100 zaidi, sawa na bei nzima ya uniti ya D1, ya mteja mdogo wa nyumbani, kabla ya kodi.

Kifaa kilekile. Ni kweli kwa mtambo wa masaa 500 amonia na kichocheo vitatumika kidogo kwahiyo ile milioni itapungua, lakini sehemu kubwa ni chuma na mkopo, na mkopo haujali umewasha au hujawasha. Ukisikia mtu anasema SCR ni ghali au SCR ni rahisi bila kutaja masaa, muache aongee.

Gharama za kila siku: amonia. Nyuma ya chemba kavu unahitaji kama kilo 7 kwa saa. Ukiwa mjanja ukaruka hatua ya kwanza ukaifunga moja kwa moja kwenye mashine ya ppm 200 unahitaji kama kilo 55 kwa saa, na ukitumia yuria badala ya amonia hiyo ni karibu kilo 100, mifuko miwili ya kilo 50 kila saa moja, usiku na mchana. Na siyo yuria ya duka la pembejeo, hiyo ina uchafu unaoua kichocheo, ni ile safi kama wanayotia kwenye malori mapya. Kwahiyo hata anayetaka SCR kwa kawaida anaanza na maji au chemba kavu, vinasaidiana.

Halafu matofali yanaziba njia, turbaini inapumua kwa shida kama bodaboda yenye eksozi iliyojaa masizi, unapoteza kama nusu asilimia ya umeme. Kidogo, ila kwa masaa 8,000 ni hela. Na kichocheo cha kawaida kinapenda joto la nyuzi 300 mpaka 400, wakati moshi wa turbaini iliyo peke yake unatoka na 450 mpaka 600, inabidi ufunge mafeni ya kuupooza au ununue kichocheo cha joto kali. Mtambo wenye boila nyuma kama Kinyerezi II hauna hiyo tabu, ndani ya boila kuna sehemu yenye joto hilohilo, unaweka matofali hapo, gharama inashuka. Jambo hili peke yake linaweza kubadilisha jibu.

Usalama. Amonia ikivuja ni hatari. Mwanza angalau hili hatuanzi sifuri, mafundi wa majokofu makubwa ya samaki wanaijua amonia, wanajua barakoa inakaa wapi na upepo unatoka upande gani, lakini kuwa na tenki lake jirani na makazi ni jambo la kujadiliwa na hao wakazi kabla, siyo baada. Amonia kidogo pia inapita bombani bila kutumika, ppm 5 mpaka 10, nayo inatengeneza vumbi laini ikifika hewani. Na mafuta yenye salfa yanaleta chumvi inayogandia kwenye mabomba, kwahiyo ukichoma dizeli chafu usahau. Dizeli ya Afrika Mashariki tangu 2015 kiwango ni salfa ppm 50, hiyo inavumilika. Mafuta mazito ni habari nyingine kabisa.

Inamfaa mtambo wa msingi, wenye boila, ulio katikati ya watu wengi. Haimfai wa dharura.

Njia ya 4: usifunge kitu, bana masaa

Watu huwa hawaihesabu kama njia, lakini kwenye kanuni nyingi duniani ipo: mtambo wa dharura unapewa nafuu mradi usizidi masaa fulani kwa mwaka.

Hela ya kuanzia hakuna, unahitaji mita ya masaa na mtu wa kuisoma ambaye hawezi kuhongwa soda. Gharama ya kila siku hakuna. NOx kwa saa haishuki hata kidogo, ni kilo 150 vilevile, ila kwa mwaka ni masaa 500 mara 150, tani 75. Linganisha na mtambo uliofungwa chemba kavu unaowaka masaa 8,000 kwa kilo 20, tani 160. Yaani ule "mchafu" kwa mwaka umetoa chini ya nusu ya ule "msafi". Nilivyopiga hii hesabu mara ya kwanza nilirudia.

Lakini usikimbilie kushangilia. Mtu anavuta hewa kwa saa, siyo kwa wastani wa mwaka. Kilo 150 zikitoka jioni ambayo hakuna upepo, zinakaa na watu wa mtaa ule. Wavuvi wanajua mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu na usiku unageuka, kwahiyo mtambo ulioko ufukweni mchana unapeleka moshi wake vilimani kwenye nyumba na usiku unaupeleka majini, hiyo ratiba ina maana zaidi ya jumla ya tani.

Gharama yake halisi iko kwenye kukosa umeme. Masaa yakiisha Novemba na mvua hazijanyesha, utafanyaje? Tunawasha, si ndiyo. Kila mwenye umri anakumbuka mgao wa 2006 na wa 2011, mitambo ya dharura ililetwa kwa muda, na "muda" kwenye umeme wetu ni neno linalovutika. Memphis kule Marekani nao wamepitia yao, kituo cha data cha xAI, kampuni ya akili bandia, kilileta turbaini za kubebeka ikasemwa ni za muda, watu wa mtaa wakapiga kelele kuhusu hewa, kibali cha turbaini 15 kikatoka Julai 2025 mashine zikiwa zimeshawaka kitambo. Kwahiyo hii njia inafaa pale tu ambapo kikomo kina meno, na meno yenyewe ni faini iliyo kubwa kuliko faida ya kuwasha.

Inamfaa mwenye turbaini ya akiba kweli, mgodi au kiwanda kinachotegemea gridi na kuwasha ikikatika.

Gharama zilizomo kwenye zote

Vipimo. Mtambo mkubwa unatakiwa kuwa na kifaa cha kupima moshi muda wote, kinahitaji gesi za kusawazishia, chumba chenye kiyoyozi, na fundi. Mdogo unapimwa mara moja moja kwa mwaka na mtaalamu anayekuja na begi lake. Kwa mtambo wa masaa machache kupima muda wote kunaweza kula hela kuliko kusafisha kwenyewe, ndo maana aina ya kipimo nayo ijadiliwe wakati wa kibali.

Lingine ni namna kikomo kinavyoandikwa. Kikiandikwa kwa ppm, mashine inayokula gesi ovyo na inayookoa gesi zinahesabiwa sawa. Kikiandikwa kwa kilo kwa kila MWh (uniti elfu moja), mwenye mashine yenye ufanisi anapata nafuu. Kanuni ya Marekani ya 2006 iliruhusu kuchagua kati ya hizo mbili. Mimi naona kwa nchi inayohangaika na bei ya uniti, ya kilo kwa MWh ina haki zaidi, ila ukaguzi wake una hesabu nyingi.

Na kwa haki tu niseme, mama anayebanika samaki kwa kuni Igogo anavuta moshi mbaya kuliko wa turbaini yoyote iliyoko kilomita kumi kutoka kwake. Hela ya kusafisha hewa ikiwa ni moja, kuna mazingira ambapo jiko bora litaokoa vifua vingi kuliko SCR. Hilo halimpi mwenye turbaini ruhusa ya kutofanya kitu, kwa sababu hela ya SCR ikiokolewa haiendi kwa yule mama, inaenda kwa mwenye mtambo.

Sasa wewe uko wapi?

Unanunua turbaini mpya ya gesi ya bomba, itawaka karibu mwaka mzima: chemba kavu iwe kwenye mkataba, uliza namba yake kwenye lodi ya 50% siyo 100% tu. Hata kama hufungi SCR leo, acha nafasi kwenye boila, kuja kuitafuta baadaye ni ghali.

Mtambo wa msingi wenye boila, nyumba za watu zimeuzunguka: SCR juu ya chemba kavu inaingia akilini, shilingi 6 kwa uniti ikigawanywa gridi nzima haionekani kwa mnunuzi mmoja, na wanaovuta ni wengi. Anza na suala la tenki la amonia likae wapi.

Una mashine ya zamani ya dizeli au mafuta ya taa, kanda hii ya ziwa: maji. Kabla hujasaini chochote pata bei ya maji yaliyosafishwa kwa lita, siyo bei ya maji ghafi, na umuulize mamlaka ya maji wakati wa kiangazi inakuwaje.

Mgodi au kiwanda chenye akiba, masaa chini ya mia kadhaa: kikomo cha masaa, bomba refu la moshi, na ratiba ya majaribio isiyogongana na jioni. Hela ya SCR nunulia betri au boresha laini yako, utawasha mara chache zaidi.

Unaletewa turbaini ya mtumba "ya muda": andika tarehe ya kuondoka na masaa kwenye kibali kabla haijashuka kwenye lori, na bei uhesabu kwa MW 43, siyo 50.

Diwani au mwanakamati unayetakiwa kupiga kura kuhusu kikomo: usikubali kikao kiishe bila mtu kukujibu mambo matatu, masaa kwa mwaka, upepo wa mchana na wa usiku unaelekea kwa nani, na nani anasoma mita.